KURUDI KIUNGANI: WANAFUNZI WA ZAMANI NA SHULE ILIYOVUKA BAHARI

Kitabu hiki cha jubilei kimekusanya habari za makanisa, za vituo, na za watu waliotutangulia. Sisi tumepewa sehemu ya shule, nasi tumeona afadhali tusihesabu majengo na madarasa tu, maana hesabu ya namna hiyo yapatikana katika taarifa za kila mwaka. Tumependa kusema juu ya jambo ambalo waalimu wetu wengi na wazee wa mitaa yetu walijua kwa nafsi zao, yaani kurudi katika shule uliyosomea baada ya kwisha miaka ishirini, au thelathini, au hamsini. Na shule tutakayoitaja hasa ni ile ya Mtakatifu Andrea, iliyoanza Kiungani katika Unguja na kuhamia Minaki katika bara, kwa sababu habari zake zaonyesha jambo hili wazi kuliko habari za shule nyingine tuijuayo.

Mtu arudiye shuleni kwake hukuta mambo mawili. La kwanza, kila kitu kimekuwa kidogo. Chumba alichokidhani kipana kama uwanja, sasa akipima kwa hatua zake huona ni hatua chache tu. Na mti ambao zamani hakuweza kuupanda, leo tawi lake la chini lamgusa kofia. La pili, watu hawako. Auliza habari za mwalimu fulani, aambiwa amefariki zamani. Atafuta jina la rafiki yake aliyelala kitanda cha pili, hakuna amjuaye. Watoto wamwamkia, “Shikamoo, babu,” naye moyoni mwake bado ni kijana wa darasa la mwisho. Ndipo ajuapo ya kuwa shule haikumngoja. Basi hujiuliza, “Nimerudi kufanya nini hapa?” Swali hilo ndilo tutakalolifuata katika habari hizi, maana wanafunzi wa kwanza wa Kiungani waliulizwa swali hilo kwa ukali kuliko sisi sote.

I. WATOTO WASIOKUWA NA KWAO

Askofu Tozer na Dk. Steere walifika Unguja mwaka 1864. Misheni yao, ile ya Vyuo Vikuu iitwayo UMCA, ilizaliwa kwa maneno ya Dk. Livingstone aliyoyasema Cambridge mwezi wa Desemba mwaka 1857, nayo ilijaribu kwanza kukaa katika nchi ya mto Shire. Huko wengi walikufa kwa homa, na Askofu Mackenzie mwenyewe alikufa mwanzo wa mwaka 1862. Kwa hiyo wakaja Unguja, mahali penye soko kubwa la watumwa katika pwani yote. Muda si muda Sultani Majid akawapa watoto watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao watano ndio mwanzo wa shule. Haikuanza kwa wazazi kuleta watoto wao. Ilianza kwa watoto waliokwisha kunyang'anywa wazazi.

Baada ya hayo manowari za Waingereza zikazidi kukamata majahazi, na watoto wakazidi kuletwa. Misheni ikanunua shamba Kiungani, pwani, kusini ya mji, ikajenga huko shule ya wavulana. Wasichana wakawekwa Mbweni, mbele zaidi kwa njia ile ile, ambako Bibi Caroline Thackeray alifundisha tangu mwaka 1877. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash akatia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la Unguja likafungwa. Siku ya Krismasi mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini likawekwa mahali pa soko lile lile, na baada ya miaka michache watu wakasali humo kwa mara ya kwanza.

Twaomba msomaji afikiri kidogo juu ya watoto hao. Wengine walikuwa Wayao, wengine Wamakua, wengine watu wa Ziwa Nyasa, na wengine wa makabila ya mbali zaidi. Wengi walichukuliwa wakiwa wadogo sana hata hawakuweza kusema kijiji chao kilikuwa upande gani wa mto gani. Majina ya wazazi waliyakumbuka, lakini njia ya kurudi hawakuijua. Lugha yao ya kwanza iliwapotea kidogo kidogo, maana katika nyumba yenye makabila mengi lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili.

Wahenga wetu husema, “Mwacha asili ni mtumwa.” Lakini watoto wa Kiungani hawakuiacha asili yao, asili ilikatwa nao kwa nguvu, nao walifanywa watumwa kwanza, kisha asili ikapotea. Kwa mtoto wa namna hiyo shule si mahali pa kupita tu, pa kusoma miaka mitatu na kwenda nyumbani. Shule ndiyo nyumba. Ndugu zake ni wale aliolala nao, na wazee wake ni waalimu. Kwa hiyo sisi tunaporudi shuleni tukasema kwa mzaha, “Hapa ni kama nyumbani,” tukumbuke ya kuwa walikuwako watu ambao kwao neno hilo halikuwa mzaha hata kidogo.

II. KUTOKA NA KURUDI

Dk. Steere, aliyekuwa Askofu tangu mwaka 1874, aliona wazi ya kuwa watu waliokombolewa hawawezi kukaa Unguja siku zote. Mwaka 1876 akachukua kundi la watu hao, wanaume kwa wanawake, akavuka nao mpaka Lindi na kupanda bara. Nia yao ilikuwa kufika nchi za Nyasa walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi, watu wakaiona nchi, milima yake ya mawe na mashamba yake, wakaomba wakae pale pale. Askofu akakubali. Hivyo ndivyo ulivyoanza mji wa Wakristo wa Masasi. Wengi walikuwa wametaka kurudi kwao, na hawakufika. Lakini walifika karibu, wakapafanya kwao.

Kati ya wanafunzi wa Kiungani waliopelekwa upande ule hakuna aliyetajwa zaidi ya Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akalelewa na Misheni, akasoma Kiungani, kisha akapelekwa Uingereza kusoma katika chuo cha Mtakatifu Augustino pale Canterbury. Mwaka 1886 akafanywa shemasi, akaenda Chitangali, katika nchi ya Wayao, kwa mfalme Nakaam. Mwaka 1890 akafanywa kasisi, Mwafrika wa kwanza wa Misheni hii kupata daraja hiyo. Kabla yake John Swedi, mmoja katika wale watoto watano wa kwanza, alikuwa amefanywa shemasi mwaka 1879.

Majaliwa alikaa Chitangali miaka kumi na zaidi, tena muda mwingi bila Mzungu karibu naye. Alifundisha na kujenga, alipatana na wafalme, akawapeleka vijana wa huko Kiungani wasome kama alivyosoma yeye. Mtoto aliyeondolewa kwao kwa kamba shingoni alirudi kwa watu wa kabila lake ana kitabu mkononi, akawa mzee wa mashauri mbele ya wakubwa wao. Kama kuna jambo moja la kuwasomea watoto wetu siku ya sikukuu ya shule, twadhani ni hili.

Lakini mwaka 1897 Majaliwa akarudi Unguja, na kurudi huko hakukuwa mwisho wa furaha. Kazi aliyoianza ilipita mikononi mwa wengine, na miaka mingi ikapita kabla ya kasisi Mwafrika kukabidhiwa tena mamlaka kama yale aliyokuwa nayo Chitangali. Hatusemi hivi kwa kutaka kumshitaki mtu aliyekwisha kufa. Twasema kwa sababu habari za jubilei zisiposema ila mema tu, watoto wetu watazisoma na kusahau. Shule ilimfundisha mtu huyu kuongoza, na Misheni haikujua bado jinsi ya kumwacha aongoze. Askofu Mkuu wa kwanza wa Jimbo la Tanzania, John Sepeku, alishika kazi hiyo mwaka 1970, yaani miaka themanini baada ya Majaliwa kufanywa kasisi. Aliye mwalimu na apime urefu wa miaka hiyo.

III. KURUDI KWA KALAMU

Si kila mwanafunzi aliweza kurudi Kiungani kwa miguu yake. Kutoka Nyasa mpaka pwani ilikuwa safari ya majuma mengi, na kutoka Masasi mtu alingoja jahazi au meli Lindi. Basi watu walirudi kwa kalamu. Dk. Steere alileta mtambo wa kupiga chapa na kuwafundisha vijana kazi hiyo, na kwa mikono yao vitabu vingi vya kwanza vya Kiswahili vikapigwa chapa. Mwaka 1888 shule ikaanza gazeti lake lililoitwa Msimulizi, nalo huhesabiwa katika magazeti ya kwanza kabisa ya lugha ya Kiswahili. Lilichukua habari za shule na habari za vituo vya bara, hata aliyekuwa peke yake katika kijiji cha mbali aliweza kujua wenziwe wafanya nini, na wale waliobaki Kiungani waliweza kujua ya kuwa wakubwa wao hawakupotea porini.

Tena kuna kitabu ambacho kila mwalimu wa historia angefaa kukijua. Bwana A. C. Madan, aliyefundisha Kiungani, aliwaomba wanafunzi waandike kwa Kiswahili habari za maisha yao, jinsi walivyokamatwa, walivyouzwa mkono hata mkono, walivyopakiwa majahazini na walivyookolewa. Akazifasiri kwa Kiingereza, na kitabu kikatolewa mwaka 1887 kwa jina la Kiungani. Wako wanavyuoni wanaoandika leo juu ya utumwa wa Afrika ya Mashariki na kutumia hesabu za majahazi na barua za mabalozi. Lakini sauti ya mtoto mwenyewe aliyefungwa ni nadra kuisikia. Katika kitabu hiki yasikika. Kijana ameketi darasani, ana wino na karatasi, naye arudi nyuma kwa fikira zake mpaka kijiji alichozaliwa, mpaka usiku ule walipokuja watu wenye bunduki. Shule ilikuwa haina uwezo wa kumrudisha kwao, lakini ilimpa kalamu ya kurudi nayo.

Yohana Abdallah, aliyesoma Kiungani na kuwa kasisi Unangu, upande wa mashariki wa Ziwa Nyasa, alikwenda mbele zaidi. Aliandika kwa lugha yake ya Kiyao habari za kabila lake, jinsi Wayao walivyokuwa, walivyosafiri na walivyofanya biashara, na kitabu chake kikapigwa chapa Zomba mwaka 1919. Hapo twaona ya kuwa mtu aliyesoma sana Kiswahili na Kiingereza hakulazimika kuitupa lugha ya mama yake. Alisoma ng'ambo ya bahari, akarudi kuandika ya kwao.

Na sisi sote, hata tusiokuwa na uhusiano wowote na Unguja, twarudi Kiungani kila siku pasipo kujua. Dk. Steere alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Bwana Madan alitoa kamusi zake mwaka 1894 na 1903. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule za nchi zote za Afrika ya Mashariki, kazi hiyo ilikuwa tayari. Kamusi iliyotolewa mwaka 1939 na Halmashauri ya Lugha, ambayo watu wengi huiita ya Johnson, yenyewe yasema mbele yake kwamba imejengwa juu ya zile za Madan. Kwa hiyo mtoto wa Songea au wa Kisumu afunguapo kamusi atafute maana ya neno, agusa kazi iliyoanza katika vyumba vile vya pwani, kati ya watoto wasiokuwa na kwao.

IV. BABA NA MWANA

Kuna njia nyingine ya kurudi shuleni, nayo ni kumpeleka mwana. Hugh Peter Kayamba alikuwa Mbondei aliyesoma Kiungani, akapelekwa Uingereza kusoma, kisha akarudi kufundisha. Mwanawe Martin alizaliwa Mbweni mwaka 1891, naye akasoma Kiungani vilevile. Zamani zile wanafunzi walikuwa wamekwisha kubadilika. Watoto wa majahazi walipungua mwaka hata mwaka, na mahali pao wakaja wana wa watu huru, kutoka Bonde, kutoka Masasi na Newala, kutoka Nyasa. Mwaka 1897 sheria ya Unguja iliondoa haki ya bwana juu ya mtumwa. Shule iliyoanza kuwa kimbilio ikawa shule kweli kweli, nayo ilikuwa chini ya Padre Frank Weston tangu mwaka 1901 hata alipofanywa Askofu wa Unguja mwaka 1908.

Martin Kayamba hakuwa kasisi. Aliingia kazi ya ukarani wa serikali. Vita vya mwaka 1914 vilipotokea alikuwa katika nchi ya Wadachi, akafungwa pamoja na waalimu na watu wengine wa Misheni walioshukiwa kuwa marafiki wa Waingereza, hata Wabelgiji walipoishika Tabora mwezi wa Septemba mwaka 1916. Mwaka 1922 yeye na wenziwe wa Tanga wakaanzisha chama cha Waafrika watumishi wa serikali, nacho ni katika vyama vya kwanza vya namna hiyo Tanganyika. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na wajumbe wengine kutoa ushahidi mbele ya halmashauri ya Bunge juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Habari za maisha yake alizoziandika mwenyewe zilitolewa mwaka 1936 katika kitabu cha Bibi Margery Perham kiitwacho Ten Africans.

Twamtaja Kayamba kwa sababu wako watu wadhanio ya kuwa mwanafunzi mwema wa shule ya misheni ni yule tu aliyekuwa kasisi au mwalimu. Si hivyo. Karani mwaminifu, mganga hospitalini, fundi wa chapa, mkulima asomaye barua za jirani zake, hao nao ni matunda ya shule. Na Askofu Weston mwenyewe, aliyekuwa mkuu wa Kiungani, hakusahau watoto wa shule walipokuwa watu wazima wenye kutozwa kazi. Mwaka 1920 alitoa kijitabu London kupinga kazi ya nguvu waliyolazimishwa Waafrika wa Kenya. Mwalimu aliyekaa na vijana miaka saba hawezi kunyamaza waonewapo ndugu zao.

V. SHULE YAHAMA

Mwaka 1925 shule ya Mtakatifu Andrea ikaondoka Kiungani, ikavuka bahari, ikakaa Minaki, karibu na Kisarawe, katika nchi ya Wazaramo, nyuma ya vilima vya Pugu. Askofu Weston alikuwa amefariki Novemba mwaka uliotangulia. Sababu ya kuhama yaonekana kwa mtu yeyote atazamaye ramani. Wanafunzi walio wengi walikuwa watu wa bara, na kuwavusha bahari kila mwaka ilikuwa gharama na taabu. Tanganyika ilikuwa sasa chini ya Waingereza, na mwaka 1922 utumwa ulikuwa umefutwa huko kwa sheria. Jahazi la watumwa lililoifanya shule ikae kisiwani lilikuwa halipo tena.

Lakini fikirini habari za mzee aliyesoma Kiungani zamani za Askofu Smythies, ambaye alitaka kurudi kuona shule yake mwaka 1930. Arudi wapi? Akienda Unguja atakuta pwani ile ile, upepo ule ule na minazi, lakini shule haiko. Akienda Minaki ataikuta shule, ina jina lake na msimamizi wake yule yule, lakini hakuna jiwe alijualo wala njia aliyopita. Lipi kati ya hayo mawili ni shule yake?

Sisi twajibu ya kuwa yote mawili, na tena hakuna hata moja peke yake. Watoto wa kwanza walikuwa wamekwisha kulijua jibu hilo. Walitolewa mahali pao, wakapewa watu mahali pa mahali. Shule kwao ilikuwa watu waliofanya desturi ile ile kwa uaminifu: kengele alfajiri, sala, somo, kazi ya mikono, mchezo jioni, na kaka mkubwa amwongozaye mdogo. Desturi hiyo yaweza kuchukuliwa kwa jahazi kama vile sanduku la vitabu. Kuta haziwezi.

Walakini kuta nazo zina neno lake. Pale Mbweni magofu ya shule ya wasichana yangali yamesimama, mawe ya matumbawe na madirisha matupu, na karibu yake ni kanisa la Mtakatifu Yohana. Bibi Thackeray alikaa Mbweni hata baada ya kuacha kazi ya shule, akafa huko mwaka 1926, mzee sana. Yeye hakurudi kamwe shuleni kwake, kwa sababu hakuondoka. Na Askofu Steere, aliyefariki mwaka 1882, amezikwa nyuma ya altare katika kanisa la Mkunazini. Mwalimu apelekaye watoto Unguja na awaonyeshe mahali hapo, tena awaambie habari kwa taratibu, maana watoto wengi huambiwa habari za soko tu wasiambiwe habari za shule.

VI. SHULE YAPITA KATIKA MIKONO MINGINE

Minaki ilikua. Ilitoa waalimu, waganga na watumishi wa serikali, na jina lake likajulikana nchi nzima. Kisha, baada ya Uhuru, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazitia shule za misheni katika Tanzania Bara chini ya serikali, ili mtoto wa dini yoyote na wa kabila lolote aweze kuingia pasipo kuulizwa. Minaki ikawa shule ya sekondari ya serikali, nayo ni hivyo hata sasa.

Twajua ya kuwa wako wazee waliohuzunika. Walisema, “Imechukuliwa shule yetu.” Huzuni hiyo hatuidharau, maana mtu aliyefyatua matofali ya nyumba kwa mikono yake ana haki ya kuuliza habari za nyumba. Lakini na wao na waitazame historia tuliyoisimulia. Shule hii haikuwa kamwe mali ya wale waliomo. Watoto watano wa mwaka 1864 waliwaachia watoto wa majahazi mengine. Watoto wa majahazi waliwaachia wana wa watu huru. Kiungani ikawaachia Minaki. Na Minaki ikawaachia watoto wa taifa zima. Kila mara waliokuwamo waliona wamenyang'anywa kitu, na kila mara mlango ulizidi kupanuka. Mtoto wa Kiislamu wa Kisarawe aketiye leo katika darasa la Minaki ana haki ya kusema, “Shule yangu ilianzwa na watoto waliokombolewa,” kama vile mwana wa kasisi asemavyo.

VII. YATUPASAYO SASA

Basi turudi katika swali letu: mtu arudiye shuleni kwake baada ya miaka mingi, amerudi kufanya nini? Katika habari za Kiungani tumeona majibu manne.

Kwanza, hurudi kushuhudia. Wale vijana waliomwandikia Bwana Madan wangaliweza kunyamaza, na kunyamaza kungekuwa rahisi. Waliandika, nasi leo twajua. Katika kila mtaa wako wazee waliosoma shule zetu kabla ya mwaka 1970, na kila mwaka twawazika wachache. Twawasihi waalimu wachukue daftari, waende kwa wazee hao, waandike majina ya waalimu wao, vyakula walivyokula, nyimbo, adhabu, michezo na safari. Wasiandike sifa tupu. Na waandike pia lililowauma, kwa upole na kwa kweli.

Pili, hurudi kulipa. Hatusemi fedha tu, ingawa paa livujalo halizibwi kwa hotuba. Malipo aliyoyatoa Majaliwa yalikuwa kuwapeleka vijana wengine mahali alipofunzwa yeye. Mzee aliyesaidiwa karo na asaidie karo ya mmoja. Aliyefundishwa kusoma na amfundishe jirani asiyejua.

Tatu, hurudi kuona ya kuwa ni mdogo. Darasa halikupungua; sisi tumekua, na baada yetu wamekuja wengine wasiotujua. Hilo si jambo la kuhuzunisha. Shule iwakumbukayo sana wazee wake na kuwasahau watoto wake imekuwa makaburi. Mtoto asemaye “Shikamoo, babu” kisha akakimbilia mpira wake, atuonyesha ya kuwa kazi yaendelea.

Nne, hurudi ili aondoke tena. Kiungani haikuwalea watoto wakae Kiungani. Iliwatuma Masasi, Bonde, Chitangali, Unangu na Tanga. Aliyerudi alirudi kupumzika na kusalimu, kisha akachukua mzigo wake. Sisi nasi tukienda kuiona shule yetu siku ya Mtakatifu Andrea, tarehe 30 Novemba, au siku nyingine yoyote, tusikae sana kivulini kusimuliana ujana wetu. Tuwasalimu waalimu, tuwatazame watoto, tuzuru makaburi, tuulize kinachopungua, na jua lingali juu tushike njia, maana katika vijiji vyetu wako watoto ambao bado hawajapata mtu wa kuwaonyesha mlango wa shule.